Kisanduku cha Sinema cha Mama Hodan

Garissa

Mke wangu Mwanasha,

Assalaam alaikum. Mimi mzima, ila joto la huku linanila kidogo kidogo. Wewe je? Mguu wa mama umepungua uvimbe? Na mtoto bado anakohoa asubuhi? Nimeandika kwa sababu simu yako hapo Msambweni husikilizwa na nyumba nzima, na haya ni ya kwetu wawili. Nitampa kondakta wa basi akufikishie.

Nina aibu ya kukueleza, kisha nina ombi.

Mama Hodan, mwenye nyumba wangu, ndiye yule anayeniletea maziwa ya ngamia na kunisuta kwamba nakaa kama kapera. Intaneti ya huku ina siku zake, na wajukuu wake walikuwa wakigombea flashi moja. Akaniambia, "Salim, wewe fundi ya kombyuta. Tengeneza kitu, sinema yote ikae hapa nyumbani." Nikatafuta kisanduku chenye diski mbili kubwa ndani, nikakiunga na waifai ya ua. Ukiwasha TV unachagua tu: katuni, mawaidha, tamthilia za Kituruki. Intaneti ikikatika, sinema inaendelea. Nilisifiwa ua mzima, na mimi sifa nazipenda, unanijua.

Ndipo bintiye mkubwa, Hodan, akaleta CD za harusi yake iliyofanyika Kutulo, zimekwisha kuparuzika kwa vumbi. Zilikuwa za upande wa wanawake. Huku ni kama kwetu, tena zaidi: wanawake wakiwa peke yao huvua mitandio, hucheza, huimba mashairi yao, na picha hizo hazitoki mikononi mwao. Nilizinakili kwenye kisanduku bila kuona. Hodan alifunika skrini kwa shuka, akakaa kando yangu, mimi nikawa nabonyeza vitufe na kusikiliza diski inavyozunguka. CD mbili zilikufa palepale baada ya kunakiliwa.

Nikaweka nenosiri kwenye kompyuta, nikajiona mjanja. Nilichosahau ni kwamba kisanduku kile hujitangaza chenyewe. TV yoyote iliyo kwenye waifai huona vilivyomo, pamoja na vijipicha vyake. Na waifai ya ua ni moja, hata kwenye sebule ya wanaume karibu na lango, ambako kaka yake Mama Hodan, tunayemwita Abti Nur, hupokea wageni.

Jumatatu baada ya swala ya alasiri wageni wakawasha TV watazame habari. Wakakuta safu ya wanawake vichwa wazi. Mmoja akamwona mkewe mwenyewe, mdogo kama stempu, na wenzake wote wanatazama. Akaweka kikombe chini, akatoka bila kuaga.

Hodan akanipigia simu nikiwa kazini dukani: "Rudi sasa hivi." Nikamkuta mama yake amesimama uani. Nikang'oa waya mbele yake. "Warya Salim," akasema, taratibu kabisa, "nywele ya watoto yangu imeonekana kwa sebule ya wanaume. Nani amefanya?" Nikasema ni mimi. Ningeweza kuisingizia mashine, Mwanasha, na wala asingejua. Lakini alikuwa akinitazama usoni.

Nilimfuata yule mgeni msikitini nikamwomba radhi. Akaniuliza kama na mimi nilitazama. Nikamweleza habari ya shuka. Akasema amesamehe, ila zifutwe. Abti Nur naye akasema zifutwe, na mimi nihame.

Siku tatu hakuna maziwa, hakuna salamu. Nikaanza kufunga vitu vyangu. Alhamisi Mama Hodan akaniita. Nikadhani ni kunifukuza. Akaniambia, "Dada yangu yumo kwa ile harusi. Yeye ndiye anaimba. Amekufa mwaka ileile, na sauti yake sina bahali bengine." Machozi yalimtoka, na hakuyafuta.

Uamuzi wake ni huu, na kakaye amekubali kwa shingo upande. Kisanduku kitahamia chumba cha wanawake, kiungwe kwa waya kwenye TV yao, waifai isikiguse. Na mkono wa mwanamume usikiguse. Hodan anarudi kwa mumewe Mandera, na wanawake wengine wa nyumba hii hawajui kukiendesha. "Bibi yako alifundisha kombyuta," akasema. "Nyumba ya vyumba viwili ibo. Mlete kabla ya mwezi kwisha. Kama hataki, wewe utafuta, na mimi nitasimama hapa."

Najua ulivyosema juu ya Garissa. Umbali, joto, watu usiowajua, na mama kumwacha. Mara mbili nimekuomba na mara mbili umekataa, nami nikajifanya sikuumia. Niliumia. Hii ni mara ya tatu.

Nisalimie mama mkwe, na kaka yako seremala, mwambie kitanda alichonitengenezea bado kizima. Mbusu mtoto. Mwambie shangazi yangu anayeuza mkaa kwamba dua zake zinafika.

Jibu lako nitamsomea Mama Hodan mwenyewe. Ukisema hapana, nitakaa mbele ya kisanduku, nibonyeze, naye amesimama nyuma yangu anamsikiliza dada yake akinyamaza.

Mumeo,
Salim