Bahari Chini ya Muhogo wa Mama Ngoie

Kamina, Jumapili

Yaya Béa, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu pamoja na vumbi jekundu lililoshika kadi hii. Jana mimi na wenzangu wa chuo tulirudi kutoka Kaniama na mawe ya chokaa ya utafiti wangu, ingawa nusura nirudi mikono mitupu. Miamba mizuri iko ndani ya shamba la Mama Ngoie, mjane anayelima muhogo, naye alikuja kusimama mbele ya nyundo yangu.

"Munatafuta shaba. Mukiipata, batatufukuza hapa, miye na batoto."

"Hapana, mama. Zamani sana hapa ilikuwa bahari."

Nikamweleza kwamba jiwe lake ni tope la bahari ile lililoganda, na ndani yake mna kaboni nyepesi na kaboni nzito. Tukizipima, tutajua kama maji ya vilindini yalikuwa yakipanda juu au yalilala tu.

Alinitazama sana. "Na samaki ilikuwa mule?"

"Hapana, mama. Samaki ilikuya kisha, nyuma ya miaka mingi sana."

"Maskini bahari!" Akacheka, akanishika mkono. "Kamata mawe. Lakini ni weye mwenyewe utarudia kunielezea. Usitume muntu."

Kisha akatupikia bukari, ule ugali wetu, na samaki wakavu waliotoka Mulongo, tukala tumeketi juu ya mwamba wenyewe.

Nimemwahidi, Yaya, na kiangazi kijacho nitarudi kwake hata kwa pikipiki. Mbusu mama, na Mungu awapatie nyote nyumbani usingizi mwema. Niombee mawe yaseme.

Mado wako