Bisibisi Ndani ya Kiatu

Ni mwaka mmoja sasa, mama wa nyumba hii, tangu kiti chako cha dirishani kibaki na mto wake bila mtu. Wanao walitaka tangazo fupi la kumbukumbu. Mumeo alikataa, akasema ana jambo la kukiri, na kazi ya kuandika akaishika yeye.

Ulikuwa mpiga chapa wa ofisini kwa miaka thelathini na moja. Ulipostaafu, mumeo alidhani zamu yake imefika. Wiki ya tatu tu ukamwambia, huku unafunga kitambaa kichwani, "Nakwenda chuoni. Kuna wanafunzi wanatengeneza kompyuta kuukuu zilizotolewa na ofisi, wanawapa wasio na uwezo. Wanatafuta mtu wa kujaribu vibonye."

"Na mimi je?"

"Wewe huna kibonye kilichokwama, mzee wangu."

Basi ikawa kila Jumamosi. Ulianza na vibonye, ukaishia kufungua mashine nzima. Trei za mayai za nyumba hii zote zilihamia karakana ya chuo: kila tundu ulitia skrubu za sehemu moja, kwa mpangilio wa kufungua, ili anayerudishia asibahatishe. Ulirudi na vumbi kwenye nyusi, ukisimulia habari za mjane mshonaji na mwanafunzi asiyeona waliopata kompyuta, kama ndugu zako wa tumbo moja. Wanafunzi wakakuita Bibi Skrubu. Hilo mumeo halikumpita kooni. Una wajukuu wanne wa damu. Bibi ana wenyewe.

Binti yako mkubwa alimcheka. "Baba, yaani unawaonea wivu watoto wa watu?"

"Simwonei mtu wivu. Nauliza tu anarudi saa ngapi."

Lililomchoma zaidi ni barua. Mumeo alisoma masomo ya jioni akiwa mtu mzima, na mwalimu aliusifu mwandiko wake mbele ya darasa. Tangu uchumba amekuandikia barua zaidi ya arobaini. Hukumjibu hata moja kwa maandishi. "Mkono wangu umechoka na barua za wakubwa," ulisema, ukamjibu kwa mdomo. Sasa mkono huo uliochoka ulikuwa ukipata nguvu kila Jumamosi, kwa ajili ya wengine.

Kwa hiyo, mama, ile bisibisi yako ndogo yenye mpini mwekundu, uliyoitafuta mpaka chini ya vitanda, ilikuwa ndani ya kiatu cha mumeo cha harusi. Aliificha ili ubaki nyumbani. Wewe ukaenda na kisu cha mezani, ukarudi na kidole gumba kimefungwa kitambaa. Yeye ndiye aliyekusafisha kidonda. Bisibisi ikabaki kiatuni.

Miezi mitano baada ya kukuzika, alikwenda chuoni kuirudisha. Msichana mwenye miwani, kiongozi wa karakana, alisimama.

"Shikamoo, babu. Wewe ndiye unayekunja gazeti mara nne."

"Nani kakwambia?"

"Bibi. Kila kompyuta aliijaribu kwa kukuandikia barua. Anaanza 'Mume wangu,' anaendelea mpaka kila kibonye kiguswe. Q na X, zisizo na kazi kwa Kiswahili, anazipiga mwisho, pale penye sahihi."

"Ziko wapi barua zenyewe?"

"Tulizifuta, babu. Sheria aliiweka mwenyewe: kompyuta iende ikiwa tupu, isibebe habari za mtu."

Kompyuta mia mbili na kumi na moja zilipita mikononi mwako. Karakana nzima ilisoma barua alizoandikiwa mumeo, isipokuwa mwenye barua. Mumeo alikaa kwenye stuli yako akiwa amenuna kama mtoto aliyenyang'anywa kitu, akamwomba msichana akumbuke japo mstari mmoja. Yule msichana alifikiri, akaitazama bisibisi mkononi mwa mumeo.

"Upo mmoja," alisema. "'Mume wangu, bisibisi yangu imo ndani ya kiatu chako. Siku ukichoka kunionea wivu, utanirudishia.'"

Bado hajachoka. Anawaonea wivu wale watoto mpaka leo kwa yote waliyoyasoma. Lakini kila Jumamosi anakaa kwenye stuli ile, bisibisi kando yake, anajaribu vibonye kwa kukujibu. Maneno haya ameyaandika kwenye kompyuta inayokwenda Jumatatu kwa kinyozi aliyevunjika mguu. Sisi wanao tumeyachapa kwenye karatasi kwanza, maana yule msichana anangoja kuyafuta, na sheria yako haina upendeleo.

Unakumbukwa na mumeo, binti zako wawili, mwanao wa kiume, mkweo, dada yako mdogo, wajukuu wako wanne, na wajukuu wako wa Jumamosi, ambao mumeo mwenyewe amekubali waandikwe.

Tutakukumbuka daima, mama.

Q. X.