Mlango wa Oveni Niliufungua Mimi

Da Zuhura,

Barua hii nimeianza mara tatu na mara zote nimeichana. Ya kwanza nilikuuliza hali, kana kwamba uko Likoni unapumzika na likizo ikiisha utarudi. Ya pili nilijikuta najisifu. Ya tatu ilikuwa machozi tu, haisomeki. Acha leo niseme kwanza lile linalonikaba, mengine yafuate.

Siku ile mkate wa mayai ulipoharibika mbele ya wageni, mlango wa oveni niliufungua mimi.

Mwaka mzima baada ya hapo tulilala chumba kimoja, kitanda changu na chako vikitenganishwa na kabati la nguo, na sikukwambia. Nilikuwa nikijiambia kwamba unajua. Kwamba uliliona usoni mwangu ukaamua kunisitiri. Niliishi vizuri sana na wazo hilo, Da Zuhura. Lilinipa usingizi.

Unakumbuka nilivyofika nyumba hii ya Abu Hamour, hapa Doha. Kupika nilijua, hata wewe ulikubali. Machbous, ule wali wao wa nyama, niliushika wiki ya pili, Madam akasema nimezaliwa nao. Lakini vitamu viliniogopesha. Kwetu Mwatate hatukuwa na oveni. Keki ilikuwa kitu cha harusi, inakuja na gari, imefunikwa, na wanaobeba wanatembea polepole. Chakula cha sufuria unakionja, unaongeza chumvi, unapunguza moto. Keki ukishaifungia mle ndani huna tena la kufanya, unangoja kuambiwa kama umefaulu. Mimi kungoja ndiko kulikonishinda. Kila uliponiita nije tupige mayai, nilikuwa na kitunguu cha kukata au sufuria ya kusugua. Ulikuwa unacheka. "Wakesho, mayai hayang'ati."

Wewe ulioka bila wasiwasi. Unga uliupima kwa kikombe kilichovunjika mkono. Iliki uliitwanga mwenyewe, ile ya pakiti ulisema inanuka karatasi. Mayai na sukari ulivipiga mpaka vikawa vyeupe na vizito, huku unanisimulia habari za binti yako Mwanaisha na wanawe. Na yule mama mkwe wa Madam, Bibi wa Al Wukair, ambaye hali kitu cha dukani, alikuwa akiingia tu anauliza mkate wako uko wapi.

Siku ile Bibi alikuja na binti zake wanne. Mkate ulikuwa umeingia ndani kama robo saa hivi, adhana ya alasiri ikaadhiniwa. Ukafuta mikono, ukaniambia, "Naenda kuswali. Usiufungue mlango mpaka nirudi, hata ukisikia harufu."

Nikasikia harufu. Sasa najua ilikuwa sukari inashika rangi, harufu nzuri kabisa. Siku ile niliona tayari unaungua, nikamwona Madam anafoka, nikajiona mimi ndiye niliyeachiwa na nimeshindwa. Nikafungua. Tena si kidogo, niliufungua wote nikaivuta na trei nje nipate kuona vizuri. Ulikuwa umepanda mpaka ukingoni, katikati bado unatetemeka. Mbele ya macho yangu ukaanza kunywea. Nikaurudisha, nikafunga, nikaenda kwenye sinki kuosha bakuli ambalo lilikuwa safi.

Uliporudi hukuniuliza kitu. Kwa nini uniulize? Ulikuwa umeniamini. Mkate ukatoka na shimo katikati, na Madam alikuwa ameshaitisha chai. Ukaukata vipande, ukavipanga kwa ustadi kuficha lile shimo, lakini ndani ulikuwa mbichi, umeshikana. Bibi alibonyeza kipande kwa uma mara moja, akaisogeza sahani.

Wageni walipoondoka Madam alikuja jikoni. "Zuhura, umezeeka. Macho yako hayaoni tena. Umeniaibisha mbele ya mama mkwe wangu." Ulinitazama. Mimi nikatazama vigae vya sakafu. Ukasema, "Samahani, Madam. Nilikosea." Neno langu moja lingetosha pale, na sikulitoa.

Chumbani uliniuliza kitu kimoja tu. "Umekula?"

Wiki iliyofuata ulihamishiwa ghorofani, kwenye nguo na pasi. Jiko likawa langu. Madam aliniletea aproni mpya na mimi nikaivaa. Vitamu vikawa vinatoka dukani, vimefungwa kwa utepe, hata Bibi akaacha kuuliza. Ukawa unashuka jikoni mchana kuchukua chakula chako, unasimama mlangoni kama mgeni, unangoja nikukaribishe. Mahali ulipokuwa umesimama miaka tisa.

Na bado uliniita. Ijumaa nyumba ikiwa tupu ulisema, "Njoo tupige mayai, Wakesho, mimi na wewe. Peke yangu siku hizi naona uzito." Nilidhani ni upole wako, kwamba unataka kunifundisha bila kunitia aibu. Nikasema nimechoka. Sikuweza kusimama na wewe mbele ya bakuli lile. Ulinisihi mara tatu, labda nne, halafu ukaacha.

Ulipokwenda likizo, Okello dereva ndiye aliyekupeleka uwanja wa ndege. Mimi chakula cha mchana kilikuwa hakijaiva, nikakupungia mkono kwenye dirisha la jiko. Nikajiambia, akirudi nitamwambia. Wiki ya tatu nilikuwa nachagua mchele, simu ikaita, sauti ya Mwanaisha. "Mama ametutoka. Ni presha."

Madam alilia. Hilo nataka ulijue. Aliingia jikoni akakaa kwenye kile kiti changu cha plastiki, mtu ambaye hajawahi kukaa jikoni, akasema, "Nilimsema vibaya kwa sababu ya mkate tu. Sikumwomba msamaha." Mimi nikamletea maji. Hiyo ndiyo aibu yangu kubwa, Da Zuhura, kubwa kuliko ile ya kwanza. Ile ya kwanza nilishtukizwa. Hii nilikuwa na nafasi yote, nimesimama mbele yake na glasi mkononi, na nikaona inatosha kumpa maji.

Baada ya hapo nikaanza kuoka. Sikuwa nimeamua kwa akili. Ijumaa moja walikwenda wote Al Wukair kwa chakula cha mchana, nikajikuta natoa mayai. Mkate wa kwanza ulikaa chini kama sahani. Okello aliuonja, akatafuna, akasema, "Hii ni chapati ya sukari," kisha akaumaliza wote. Wa pili niliogopa kufungua mlango hata muda ulipokwisha, ukaungua chini ukawa mweusi. Wa tatu nilikoroga unga kwa hasira, povu lote likafa. Hiyo miwili Okello aliibeba kwenda nayo kwa jamaa zake Al Mansoura. Sijui waliifanyia nini, mimi sikuuliza na yeye hakunisimulia.

Ijumaa ya nne nikampigia Mwanaisha kumuuliza ulikuwa unatia mayai mangapi. Aliifurahia simu yangu. Akaniambia manane, na kwamba uliyatoa kwenye friji asubuhi na mapema yaishe baridi, na kwamba unga uliuingiza kidogo kidogo kwa mwiko, kama unamfunika mtoto. Halafu akacheka kidogo. "Lakini hata Mama mwisho alishindwa. Alitwambia huko Doha mkate ulimharibikia mbele ya wageni, na hajui alikosea wapi. Alisema labda mayai, labda alikoroga sana. Aliporudi alikwenda kupimwa macho. Tukamwomba atuokee walau mara moja, akakataa. Akasema mikono imemwisha."

Nilikuwa nimesimama, nikakaa.

Kumbe hukujua. Kumbe siku ile uliponitazama hukuwa unanishitaki wala kunisitiri, ulikuwa unamtafuta mtu wa upande wako. Kumbe uliponiita Ijumaa tupige mayai wote wawili, hukuwa unanifundisha mimi. Ulikuwa unaomba msaada. Woga wangu wa kuoka nilikupa wewe, ukaondoka nao hadi kwenu, ukakaa nao jikoni kwako mwenyewe, ukafa nao.

Nikamwambia Mwanaisha. "Si mamako. Aliniambia nisiufungue mlango, nikaufungua, nikanyamaza."

Nikawa nasikia watoto wake wakigombana nyuma.

"Kwa hiyo walimtoa jikoni kwa ajili yako."

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unamwona kila siku."

"Ndiyo."

Akakata simu. Alikuwa na haki.

Asubuhi yake nilimfuata Madam kabla hajanywa kahawa. Nilimwambia yote kwa Kiarabu changu kibovu, na nilipokosa neno nilionyesha kwa mkono, mlango wa oveni, trei, hivi na hivi. Akaniuliza, "Kwa nini hukusema? Uliniogopa mimi?" Nilitaka kusema ndiyo, ingekuwa rahisi. Nikasema, "Niliogopa kuonekana sijui." Alinitazama kama ananiona mara ya kwanza. Siku mbili hakusema na mimi ila kwa ishara. Nilifunga nguo zangu kwenye sanduku kabisa, nikijua nitarudishwa nyumbani. Siku ya tatu akaja akasimama mlangoni. "Bibi anakuja Alhamisi. Utaoka wewe." Kama ilikuwa msamaha au adhabu, mpaka leo sijui.

Alhamisi nilitoa mayai manane asubuhi na mapema. Iliki niliitwanga. Nilipiga, nikaingiza unga kidogo kidogo kwa mwiko. Nilipoufungia ndani nikaweka kiti mbele ya oveni, nikakalia mikono yangu yote miwili. Harufu ikaja. Nikakaa. Nilikuwa nakuona umefunga kitambaa chako cha kuswalia, umenipa mgongo, unapanda ngazi huna shaka na mimi, nikakaa hivyo hivyo mpaka dakika zikaisha.

Haukuwa kama wako. Upande mmoja ulipanda kuliko mwingine na juu ulipasuka. Lakini ulikuwa mwepesi, na katikati umeiva. Bibi alikula kipande chote, akafuta vidole, akauliza, "Huu ameoka nani?"

Madam hakunijibia. Aliniangalia akangoja.

Nikasema, "Nimeoka mimi. Na ule ulioharibika zamani niliuharibu mimi. Zuhura hakukosea." Bibi akasema Mungu amrehemu, kisha akanyoosha sahani nimwongeze.

Nilirudi jikoni nikalia. Nikwambie ukweli, kulikuwa na furaha ndani yake. Nilifurahi kwamba umeiva. Nimeoka, mimi Wakesho wa Mwatate, na mwanamke asiyekula cha dukani ameomba cha pili. Halafu nikaona haya, kwa sababu furaha ile ungeipata wewe mwaka mzima, kila wiki, na mimi ndiye niliyekunyima.

Sasa naoka. Juzi nimeoka keki ya tende, na Bibi ameniagizia nyingine ya kwenda nayo Al Wukair. Woga haujaniacha, nisikudanganye. Kila nikifunga ule mlango natamani kuufungua tena. Tofauti ni kwamba sasa kitu kikiharibika nasema kimeharibika, nakitoa mezani, naanza upya. Juma lililopita nilisahau sukari. Nilimwambia Madam mwenyewe kabla hajaonja, akacheka, nami nikacheka, na nilipogeuka nikaona ni jambo jepesi namna gani. Ndicho kinachoniuma zaidi. Lilikuwa jambo jepesi tu.

Mwanaisha alikaa kimya mwezi mzima. Nilimwandikia mara mbili, hakujibu. Jana amenitumia ujumbe mfupi, nimeusoma mpaka nimeushika kwa moyo. "Ukipata likizo fikia kwetu. Ndugu zangu nao wasikie kutoka kwako."

Likizo nimeomba na Madam amekubali. Sitajificha kwetu Mwatate kwanza. Nikishuka kwenye ndege nakuja Likoni moja kwa moja. Nitaomba wanionyeshe ulipozikwa. Dua zenu sizijui, nitaomba kwa maneno niliyonayo, natumaini yatafika. Kisha nitaingia ndani nikae mbele ya watoto wako wote, niwaambie kwamba mama yao hakuzeeka, hakupotewa na macho, hakusahau kitu, na kwamba mtu aliyelala chumba kimoja naye alijua hivyo na akanyamaza. Wakinifukuza nitatoka. Lakini nitakuwa nimeshasema.

Kwaheri, dada yangu.

Wakesho