Kibanda cha Saruji Kwenye Wakfu

Buwenge, 5 Februari 2024

Mwanangu Jaliah,

Assalaam aleikum. Mimi mzima, ila goti linanisumbua mvua ikikaribia. Wajukuu wangu hapo Nkoma, Mbale, hawajambo?

Nina furaha. Kile kiwanda cha chuma kinachofungwa kinaupa msikiti wetu shamba lake la huku, liwe wakfu, tujenge madarasa. Ndani mna kibanda cha saruji chenye kufuli na kibao cha njano kilichochorwa mabawa matatu meusi. Tutaweka viti humo. Nitapokea mwisho wa mwezi, mbele ya waumini.

Baba yako,
Ashiraf

Mbale, 12 Februari

Baba,

Waaleikum salaam. Watoto hawajambo, wanamuulizia jajja, babu yao. Pole na goti.

Baba, kibao hicho kipo mlangoni mwa chumba cha eksirei ninamofanya kazi. Nimeulizia: humo wamefungia vyuma vya mitambo yao vyenye mionzi. Haionekani, hainuki, na itadumu hata baada ya wajukuu wa wajukuu zako. Kibanda kikilindwa hakina neno. Lakini nani atamlipa mlinzi sisi tukishakufa? Nani atajibu ukuta ukipasuka? Wakfu hauuzwi wala haurudishwi, wewe ndiye uliyenifundisha. Usipokee mpaka waache fungu la fedha za ulinzi na waandike kuwa dhima ni yao. Naogopa, Baba.

Mwanao,
Jaliah

Buwenge, 19 Februari

Mwanangu,

Salaam. Goti limepoa. Barua yako imenikuta nimeshapokea. Wenye kiwanda walisema wanasafiri, wakaiwahisha siku. Waumini wakaitikia amina, nikatia sahihi: shamba na vyote vilivyomo. Kumpekua mtoaji sadaka niliona ni utovu wa adabu. Sasa ofisi yao ya Jinja ina kufuli. Maji yakimwagika hayazoleki.

Viti nimevizuia. Wakfu unataka msimamizi, nimekubali kuwa mimi. Kamati inadai jina la atakayenifuata. Lako sikulitaja. Sitaki kukurithisha hilo.

Baba yako,
Ashiraf

Mbale, 4 Machi

Baba,

Sisi wazima, alhamdulillahi. Nimelia kidogo, kisha nikaenda kazini.

Watu wa serikali watakuja kupima mionzi. Mshahara wa mlinzi, wanasema, haumo kwenye bajeti yao. Kiwanda tutakishtaki, wala sitachoka. Ila kibanda hakisubiri kesi.

Andika jina langu. Likizo nitawaleta watoto. Wataijua alama ile kabla ya alifu, wawafundishe na wa kwao.

Mwanao,
Jaliah