Termosi ya Edith ku kilio

Sephora, acha byote unafanya, soma!!

Ile termosi Edith alikomande ku internet, ile iliibiwaka mbele ya portail ya nyumba yake, imeonekana. Ku kilio, matanga ya mzee Anaclet! Mu mikono ya nani? Mama Abigaïl, jirani ya Edith! Ule alimushikaka mukono akasema, "Ni livreur njo mwizi." Maskini livreur, kijana mwenye kuleta mizigo, alitukanwa bure!

Mama Abigaïl anapitisha chai na majivuno yote. Ku mukono ya termosi ameandika MAMA ABI na vernis nyekundu ya makucha, vile tunaandikaka bintu bya kuazimisha ku kilio ili bisipotee. Bisipotee!!

Chai ikabakia kidogo. Akainamisha termosi juu ya kopo ya Edith. Chini yake kumebandikwa étiquette ya livraison: jina ya Edith, namba ya simu ya Edith. Mwizi mujinga ule, hata chini hakuangalia!

Edith hakupiga makelele. Akasoma namba kwa sauti. Mama mumoja akaipiga. Simu ikalia mu sakoshi ya Edith.

Bantu bote bakamugeukia Mama Abigaïl.

Sikia jibu ya ule muntu bila haya: "Nilikuwa nakuchungia, mwanangu."

Anamuchungia, Sephora. Na vernis!