Mpira wa Jointi

Jumatano, Kizota

Bora tungepaacha pale chini ya gari na vumbi lake. Mpira unaofunika jointi ya gurudumu la mbele ulipasuka, na mpya wa gari langu haupatikani mjini. Fundi Lameki akauzungushia kipande cha tyubu ya baiskeli, kisha akapaosha mpaka pakang'aa.

Mkaguzi wa magari ya wanafunzi aliinama, akacheka. "Mama, gari zima lina vumbi, hapa tu pamenawa. Mmeficha nini?" Akaivuta tyubu, grisi ikamchafua mkono.

Stika ya ukaguzi nimenyimwa. Bila stika siruhusiwi kubeba wanafunzi, na mwalimu mkuu ameshapata gari lingine la kuanzia Jumatatu. Kazi nyingine naitoa wapi mimi?

Jioni mwanangu, anayesoma shule hiyohiyo, ameniuliza kama naye atapanda hilo gari jipya.

Nimemwambia ndiyo. Amefurahi.