Pwani ya Zuhura Ina Theluji

Dada Mwajuma,

Shikamoo. Nimezoea kusubiri marahaba yako ndipo niendelee, kwa hiyo nimekaa kidogo hapa, kalamu mkononi, kama mjinga. Haya, naendelea.

Nimechoka, dada. Si kuchoka kwa tairi, huko nimezoea. Unajua mimi tairi la lori nilikuwa nalifungua kwa mkono mmoja, mkono wa pili nimeshika chai, na chai haimwagiki. Nimechoka kwa kuulizwa. Tangu ulipotutoka wakati wa vuli, kila jambo la ukoo linakuja kwangu hapa Mikumi: nani alime kile kipande cha Tindiga, mbuzi wa nani kala mahindi ya nani, harusi isogezwe au isisogezwe. Wanapiga simu, wanasema, "Mzee, amua." Zamani walikuwa wanakupigia wewe, mimi naletewa uamuzi kama ugali uliokwisha pakuliwa. Sasa nimejua kwa nini jioni ulikuwa unakaa barazani kimya na hutaki mtu akuulize hata saa.

Lakini barua hii ni ya Zuhura, mwanao. Nataka nikueleze mambo yake yalivyokwenda, maana ulimwacha na mimba, ukaniachia mimi.

Unakumbuka alipopata kazi mbili kule Marekani za kutunza wazee, moja mji wa bara na nyingine mji wa pwani? Tukaweka kikao hapo kwako Kilosa. Mimi nikasema aende pwani, maana pwani ni joto, nani asiyejua, Dar watu wanalala madirisha wazi. Kikao kizima kikaitikia. Wewe mwenyewe ukamfungia kandambili kwenye begi. Nikaongeza kwamba asiogope, Ulaya mimi naijua, nimepita mara nyingi. Ulicheka mpaka ukashika ukuta, kwa sababu ulijua nasema kijiji chetu hiki cha Ulaya, hapo njiani ukitoka Mikumi kwenda Kilosa.

Basi pwani ile, dada, ina bahari kweli, ina samaki, lakini joto hawajapelekewa.

Simu yako ninayo mimi. Laini sijaizima, maana namba hiyo ndiyo Zuhura anayo kichwani. Mara ya kwanza alipopiga baada ya msiba alisema, "Mama." Nikasema, "Ni mimi." Akaanza kulia, mpaka bando likakata.

Sasa siku zake za kujifungua zilipokaribia, akapiga. Shikamoo mjomba, marahaba mwanangu. Akasema wametangaza baridi kali inashuka kutoka kaskazini, na nyuma yake dhoruba ya theluji itakayopanda na pwani mwisho wa wiki. Nikacheka. Sisi hapa mvua ya jioni tunaibishia mpaka itulowanishe, wao wanaijua ya wiki ijayo? Akanitumia ramani. Pwani yote imepakwa rangi kama mdomo wa mtoto aliyetoka kula zambarau.

Akaniambia baridi yenyewe ni digrii kumi. Nikatoka nikawatangazia watu pale kijiweni kwangu, kwenye matairi. Nikawaambia digrii kumi ni Mgeta tu mwezi wa saba, wanawake wanauza kabichi wamejifunga kanga tu. Mimi nimelala Makete ndani ya lori, asubuhi nikakuta mate niliyotema yamesimama wima kama msumari. Mtani wangu Masanja, yule Msukuma anayepitisha ng'ombe wake, akaniuliza, "Mzee wa Ulaya, msumari huo uligongea nini?" Wakacheka mpaka konda wa basi akashuka kuuliza kuna nini. Ungekuwepo ungesema neno lako: "Toa nusu." Siku hizi hakuna wa kunitolea nusu, dada. Hadithi inatoka nzima nzima, na inanichosha hata mimi.

Kumbe digrii za kule zinahesabiwa vingine. Zuhura akanieleza kwamba kumi yao kwetu ni chini ya sifuri, mbali kabisa, maji yanakuwa jiwe. Tena wana namba mbili. Moja ni baridi yenyewe, nyingine ni vile mwili utakavyoisikia ukishapigwa na upepo, na hiyo ya pili ndiyo inayotisha zaidi. Nikamwambia mbona hiyo ya pili ndiyo ninayosema mimi siku zote! Alicheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu tukuzike.

Ikawa ndiyo kazi yetu. Huko kwake kunapambazuka, kwangu mchana, naacha spana naangalia simu yako. Leo wanasema dhoruba itapita mbali baharini, mji wao utapata mabaki tu. Kesho wanasema imesogea, inaibana pwani, theluji itapita magoti. Kompyuta moja inasema hivi, nyingine inakataa. Nikamwambia kompyuta zenu ni kama baba zetu wadogo kwenye kikao cha mahari. Nafanya mzaha, dada, lakini naogopa. Kwa sababu nyumba yake iko mlimani, hospitali iko bondeni, na theluji ya namna hiyo ikianguka hakuna kinachotembea, si gari lao, si gari la wagonjwa. Manesi walishamwambia, kama una mtu jirani na hospitali, hamia kwake kabla haijaanza. Na mtu alikuwepo, mama mmoja mtu mzima wa kazini kwake, ametoa na chumba.

Zuhura hataki. "Mjomba, nitamsumbua mtu wa watu." Ni wewe mtupu, dada! Mimba si ya huyo mama, dhoruba si ya huyo mama, basi yeye aone haya kulalia kitanda chake. Na mume wake Idi, kijana wa Tanga, mpole lakini mbishi, akaichukua simu akaniambia, "Usiwe na wasiwasi mjomba, gari lina tairi za theluji." Ananieleza tairi mimi. Nikamwambia anionyeshe, akanionyesha. Tairi nzuri, sikatai, meno yake yamekaa vizuri. Lakini tairi halivuki kitu kilicholizidi kimo, nikamwambia, hata liwe limetengenezwa na malaika.

Siku ya mwisho kabla ya dhoruba akapiga kwa video. Akaigeuza simu dirishani. Anga bluu, halina hata wingu la kufutia mikono, jua linawaka mpaka nikafumba macho. "Mjomba, ona mwenyewe. Hakuna kitu. Hawa wamezidisha."

Hapo nilipandisha sauti, unisamehe, na mwenye mimba hapigiwi kelele. "Zuhura! Umezaliwa Kilosa, halafu unanionyesha jua?"

Nikamsimulia ile ya mto Mkondoa, maana wewe nadhani hukupenda kuisema. Tulikuwa watoto, tumekwenda kufua. Mchanga unaunguza nyayo, mto uko magotini. Mtu wa reli akaja anakimbia, anapiga kelele kwamba stesheni za juu zimepiga simu, Mpwapwa imenyesha kubwa, maji yanashuka. Watu wakatazama juu. Hawakuona wingu, wakaendelea kufua. Wewe hukutazama juu. Ulinikamata kola ukaniburuta, nguo tukaziacha kwenye mawe, shati langu la shule likiwemo, na mimi nakutukana njia nzima. Tulipofika kwenye tuta la reli nikasikia mngurumo, nikageuka nione treni. Haikuwa treni. Wale waliobaki, wengine walipona kwa kushika miti. Wengine unawajua, uko nao huko.

Nikamwambia, "Mama yako aliamini simu, hakuamini mbingu. Ndiyo maana una mjomba."

Akasema, "Haya, mjomba." Nikasikia anamwambia Idi alete begi.

Walihama siku ile ile, jua likiwaka.

Kulipokucha kwao ilikuwa imeshaanza, na upepo wake. Alinitumia picha moja ya dirisha, jeupe tupu, kama umeweka karatasi. Kisha kimya. Umeme wao ulikatika, mtandao sijui. Napiga, haipatikani. Napiga tena, haipatikani. Mke wangu, Mama Hassani, akanipikia uji, ukapoa mbele yangu. Nilifunga tairi la mtu nikasahau nati mbili, dereva mwenyewe ndiye aliyeziona chini. Mimi huyo! Aliniangalia kama anaangalia mgonjwa. Nilikuwa najiuliza kitu kimoja tu: kama nimemtoa kwake, nikampeleka kwa watu, halafu ikatokea jambo, nitakuja kukuambia nini?

Simu ililia nikiwa chini ya lori. Ni Idi. "Mjomba, tayari." Uchungu ulimshika dhoruba ikiwa katikati. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya barabara, na hata hiyo barabara moja walivuka kwa kusukuma theluji kwa mapaja, Idi upande huu, yule mama upande ule, Zuhura katikati. Walipofika haikuchukua muda. Gari lao nimetumiwa picha. Ni kichuguu cheupe, huwezi kujua kama ndani yake mna tairi.

Ni wa kiume, dada. Nilishawatangazia watu wote kwamba ni wa kike, utabiri wangu umeanguka. Mtoto mzima, mama mzima, sauti yake nimeisikia, anadai kama mtu wa Kilosa.

Nilipotoka kijiweni wote walikuwa wananisubiri. Nikawaambia Zuhura kajifungua salama, theluji imeanguka, wote wazima. Wakatulia. Masanja akasema, "Endelea basi, mtani." Nikatafuta cha kuendelea nacho, sikukiona. Nikakaa juu ya ringi, machozi yakanitoka mbele ya watu. Masanja hakunitania. Aliokota spana, akaingia yeye chini ya lori, ng'ombe wake wakamsubiri barabarani.

Kumkanda mzazi kwa maji ya moto kulikuwa na kazi yake. Mama Hassani alielekeza kwa video: maji yawe moto kiasi gani, taulo likamuliwe vipi, tumbo lifungwe wapi. Mimi nilikuwa nimeishika simu mlangoni, uso nimeugeuzia ukutani, maana si mambo yangu. Yule mama wa kazini hajui neno la Kiswahili, lakini alifuata kila kitu, Zuhura akimtafsiria na kulia kwa moto. Walimfunga kwa shuka. Kanga zako bado ziko sandukuni Kilosa, sikupata wa kumpelekea.

Sasa theluji yao inayeyuka, anasema, barabara zimejaa tope kama zetu za masika. Jana kanipigia. Hakuwa na shida yoyote. Alitaka tu nimwambie mvua za huku zimefikia wapi. Nikamwambia.

Dada, nimechoka, nitaishia hapa, mkono wangu si wa kuandika. Wamesema watakuja mwezi wa sita, kipupwe chetu kikianza. Nitatoka Mikumi asubuhi na mapema, nitapita Ulaya, nitamleta mjukuu wako kaburini kwako mimi mwenyewe, mikononi mwangu, simwachii mtu. Nakuahidi. Nitakuwa na sweta, Mama Hassani atakuwa na shali, Masanja naye kwa ubishi wake atavaa koti lake la mnadani, sote tunatetemeka. Yeye mtoto atakuwa anatoka jasho.

Mwenyezi Mungu akulaze pema, dada yangu. Mwanao yuko salama.

Mdogo wako,
Ramadhani